Mkwe Hapigiwi Kelele

Sifa na shukrani zimrudie Mungu, Baba wa rehema, aliyeniamsha leo asubuhi nikiwa na pumzi kifuani, na macho yanayoziona herufi, na mkono unaoweza kushika kalamu. Amenipa miaka zaidi ya sabini ambayo sikuistahili. Amenipa pia jambo moja la kujutia, na hilo nalo nimejifunza kumshukuru, ingawa ilinichukua muda mrefu. Nalieleza hapa kama lilivyokuwa.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na tangu nilipostaafu ni katekista wa kigango kimoja, kanisa dogo lisilo na padre wake, pembezoni mwa Mazwi, hapa Sumbawanga. Kazi hizo mbili watu huzielewa. Ya tatu huwa inabidi niieleze: nilikuwa mtunza orodha wa timu ya besiboli.

Mchezo huo uliletwa na mwalimu wa kujitolea kutoka ng'ambo, aliyefundisha hisabati sekondari kwa muda kisha akarudi kwao. Aliacha marungu manne, glavu kumi na moja na sanduku la mipira. Tulidhani besiboli ingeondoka naye, kama vitu vya wageni vinavyoondoka. Haikuondoka kwa sababu ya mtu mmoja, fundi viatu mwenye kibanda jirani na soko, ambaye alikuwa mwanafunzi wa yule mgeni. Glavu zilipochanika, Fundi alizishona kwa ngozi ya ng'ombe. Mipira ilipofumuka, aliifunga upya kwa uzi wa viatu. Kila kitu cha timu yetu kilinukia gundi na nta ya kibanda chake. Vijana wakakua, wakaoa, na bado Jumamosi walikuja uwanjani: waendesha bodaboda, wakulima, muuza mitumba, mwuguzi mmoja.

Kwa asiyeujua mchezo nitasema machache tu. Ni watu tisa kwa tisa. Upande mmoja hupiga mpira kwa rungu, mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio ulioandikwa kabla, na kila aliyepiga hukimbia kutoka besi moja hadi nyingine. Upande wa pili hulinda. Sita hukaa karibu na mpigaji. Watatu husimama mbali, kushoto, katikati na kulia. Hao tunawaita walinzi wa nje, na kazi yao ni kudaka mpira uliopigwa juu kabla haujagusa ardhi. Mpira ukiangukia kati ya walinzi wawili, anayeuona vizuri zaidi hupiga kelele, "Yangu!" na mwenzake husimama. Wote wawili hutazama juu, hawatazamani. Kelele hiyo ndiyo inayowalinda wasiumizane.

Fundi alikuwa mlinzi wa katikati kwa miaka zaidi ya ishirini. Uwanja wetu zamani ulikuwa shamba, na huko nyuma kabisa, chini ya majani, yamebaki matuta ya mviringo ambayo sisi Wafipa hufukia majani ndani yake ili udongo upate nguvu. Mgeni akikimbia huko hujikwaa. Fundi aliyajua matuta yale kwa nyayo zake, moja moja, kama ninavyojua mafungu ya rozari gizani.

Kulikuwa na jambo jingine kati yangu na yeye. Mwaka alioumwa marehemu mke wangu, mvua ilikuwa imekata njia na hakuna gari lililoweza kufika kwetu. Fundi alimbeba mgongoni, akavuka naye kijito kilichojaa, akapanda naye mpaka barabarani. Mke wangu hakupona. Lakini alifia kitandani, akiwa amepakwa mafuta matakatifu, hakufia matopeni. Tangu siku hiyo sikuweza kumwambia Fundi neno gumu. Msomaji alikumbuke hilo.

Sasa nimlete mtu wa tatu.

Alikuwa kijana wa Kisukuma, mwenye miaka ishirini na sita hivi. Wazazi wake walihamia bonde la Rukwa na ng'ombe wao zamani, wakakaa upande wa Ilemba. Yeye alipanda huku juu mjini, akawa anaendesha bodaboda. Mkono wake ulikuwa wa ajabu. Alikuwa amekua akirusha mawe mbele ya ng'ombe ili wageuke, na alipopewa mpira aliurusha kutoka mwisho wa uwanja ukafika mikononi mwa mdakaji, yule anayekaa nyuma ya mpigaji, bila kudunda. Alikuwa na mbio, na alikuwa na unyenyekevu. Nilimfundisha dini mimi mwenyewe, akabatizwa usiku wa Pasaka.

Akampenda binti wa Fundi. Posa ikapokelewa, wazee wakamaliza mambo yao kwa amani, na matangazo ya ndoa yakaanza kusomwa kanisani. Kwetu husomwa Jumapili tatu mfululizo. Padre asipokuwepo, msomaji ni mimi. Jumapili ya kwanza niliyasoma kwa furaha, na kina mama wakapiga vigelegele mpaka nikasimama kusubiri watulie. Yule kijana hakutaka kitu kingine duniani. Aliniambia mara moja, tukiwa tunafunga madirisha ya kanisa, "Baba Katekista, mimi nikipewa nyumba ile, sina la kuomba tena."

Ila tangu siku posa ilipopokelewa, Fundi alikuwa mkwe wake. Na kwa Wasukuma mkwe haguswi. Hupeani naye mkono, hukai naye benchi moja, humwiti, humpandishii sauti. Ukikutana naye njiani, unampisha. Kijana alizishika desturi hizi kuliko vijana wengi ninaowajua. Siku moja alimwona Fundi akija kwenye njia ya kisimani, akaingia katikati ya mahindi ya watu, akasimama humo ameinamisha kichwa mpaka mkwe wake akapita. Fundi, aliye Mfipa kama mimi, na kwetu mambo hayo si makali hivyo, aliona aibu kidogo na fahari nyingi.

Mwezi wa saba, upepo wa Ufipa ukiwa umeanza kuuma masikio, tulipata taarifa kwamba timu ya Mpanda ingekuja Jumamosi. Alhamisi alasiri tulikutana kwenye kibanda cha Fundi kupanga orodha. Tulikuwa nahodha, ambaye ni dereva wa bodaboda, muuza mitumba, mkulima mmoja wa Mwimbi aliyekuwa mdakaji wetu, na siku hiyo alikuwa amekuja mjini na magunia ya mahindi, Fundi mwenyewe, akishona kiatu cha shule na uzi mdomoni, na mimi na daftari langu. Kijana alikuwepo pia, lakini hakuingia. Alikaa ng'ambo ya barabara juu ya pikipiki yake, ametupa mgongo, kwa sababu ndani mlikuwa na mkwe wake.

"Shikamoo, Mwalimu," nahodha akaanza. "Washikaji, leo tusibishane mpaka jua lizame. Fundi anaanza kupiga kama siku zote, Msukuma anafuata."

"Thubutu!" mkulima wa Mwimbi akaruka. "Fundi atangulie, halafu yule aje nyuma yake? Amfukuze mkwe wake besi hadi besi, watu wa Mpanda wakitazama?"

Tulicheka. Muuza mitumba alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. "Akimkaribia atapiga magoti kwanza! 'Baba, naomba kupita!'"

"Basi kinyume chake," nahodha akasema. "Msukuma aanze, Fundi afuate."

"Hapo sawa," mkulima akakubali. "Mkwe kumfukuza mkwilima, mume wa binti yake, si kosa. Ndiyo kazi yake."

Fundi akautoa uzi mdomoni. "Nitamfukuza mpaka aongeze ng'ombe," akasema, na tukacheka tena.

"We Msukuma!" nahodha akapaza sauti kuvuka barabara. "Utaanza kupiga!"

Kijana akainua mkono bila kugeuka. Nikaandika.

Wapigaji wengine tuliwamaliza kwa kelele kidogo. Mwuguzi aliwekwa wa nne kwa kuwa ana mabega, muuza mitumba akashushwa mpaka wa nane, akalalamika kwamba watu wa nguo kuukuu huonewa kila mahali. Halafu tukafika kwenye walinzi wa nje.

"Kushoto Msukuma," nahodha akasema. "Katikati Fundi. Kulia huyu wa mitumba, Mungu atusaidie."

"Mwalimu," mkulima wa Mwimbi akasema, na safari hii hakuwa akitania, "hapo mimi naona shida. Mpira ukienda kati ya kushoto na katikati, nani atasema 'Yangu'?"

"Mwenye mpira," nahodha akajibu.

"Mwenye mpira akiwa yule kijana? Ampigie mkwe wake kelele? Mtu aliyeingia kwenye mahindi ya watu?"

"Awekwe kulia basi."

"Kulia nako si jirani ya katikati? Hakuna mahali pa nje pasipopakana na katikati. Ama huyu atoke, ama yule atoke."

Kumtoa kijana nje na kumleta karibu kulikuwa kuutupa mkono ule, na hakuwahi kucheza huko. Aliyebaki kutoka alikuwa Fundi, na hakuna aliyelitamka jina lake. Nahodha alitazama matairi ya pikipiki zilizopita. Muuza mitumba alianza kukunja shati ambalo lilikuwa limeshakunjwa. Fundi alikuwa ameinamia kiatu, sindano inaingia na kutoka, wala hakuinua kichwa. Kisha wote wakanitazama mimi, kwa sababu penseli ilikuwa mkononi mwangu.

Nami nilijua. Katika mechi tatu zilizopita nilimwona Fundi akifika kwenye mpira kwa kuchelewa. Nilimwona akisimama baada ya kukimbia, mikono magotini, anapumua kwa mdomo. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Nilikuwa nimeandika daftarini, kwa herufi ndogo, mipira miwili ambayo mwaka uliopita angeidaka. Ilinipasa kusema, "Ndugu yangu, pumzika sasa, kaa nami hapa pembeni tusaidiane orodha." Ni maneno machache. Nilitazama mgongo wake uliopinda juu ya kiatu, na nilichokiona ni mke wangu akiwa juu ya mgongo ule na maji ya kijito yakipita.

Nikasema, "Mbele ya Mungu wote ni ndugu. Uwanjani hakuna mkwe. Nitazungumza na kijana."

"Poa," nahodha akasema, akashusha pumzi. "Mwalimu kasema."

Mkulima wa Mwimbi alisimama, akajipangusa vumbi la mahindi. "Haya," akasema. "Umesema wewe."

Siku ya pili yake, Ijumaa, baada ya Njia ya Msalaba ambayo kigango chetu husali kila Ijumaa, nilimwita kijana kwenye benchi la nyuma.

"Umepangwa kushoto," nikamwambia. "Jirani yako ni Fundi. Mpira ukiwa wako, uufuate. Usisimame kumpisha."

Aliangalia viganja vyake. "Baba Katekista, kwetu mkwe haguswi."

"Najua. Desturi ni nzuri, nami siidharau. Lakini si amri ya Mungu. Mungu hahesabu kuwa dhambi mtu kukimbilia mpira."

"Nikimgonga je?"

"Hutamgonga. Mtu mwenye moyo safi Mungu humwongoza miguu."

Nje watoto walikuwa wakifukuza mbuzi kwenye ua wa kanisa. Mwisho akasema, "Ukiniambia wewe, nitakimbia."

Nilimshukuru Mungu kwa utii wake. Nilirudi nyumbani nikiwa na amani, nikala ugali wa ulezi na maharage, nikalala. Sikumwuliza kuhusu kupiga kelele. Haikunijia kabisa kwamba kukimbia na kuita ni mambo mawili, na kwamba nilikuwa nimemfundisha moja.

Jumamosi jua lilikuwa kali na upepo ulikuwa baridi, kama ilivyo kwetu mwezi huo. Watu wengi walikuja. Mama wa binti na binti mwenyewe walikaa kwenye mkeka upande wa kushoto, wamejifunika vitenge mpaka mabegani. Kijana alianza kupiga, akafika besi ya pili. Fundi akafuata, akaupiga mpira ukapita katikati, kijana akakimbia mbele yake mpaka besi ya mwisho, tunayoiita nyumbani, na watu wakapaza sauti, "Mfukuze! Mfukuze mkwilima!" Fundi alisimama besi ya kwanza akicheka. Namkumbuka hivyo. Nashukuru kwamba nilimwona akicheka.

Ilipofika zamu yetu ya kulinda mara ya tatu, mpigaji wa Mpanda, mtu mrefu mwenye kofia nyekundu, aliupiga mpira juu sana. Ulikwenda upande wa kati na kushoto. Kwa kawaida ungekuwa wa Fundi bila ubishi, lakini upepo uliushika ukausogeza. Fundi alianza kukimbia kinyumenyume akitazama juu. Kijana naye alianza kukimbia akitazama juu. Mpira ulizidi kusogea, ukawa wa kijana, kila mtu pale uwanjani aliona kwamba ni wa kijana.

Nilisubiri kelele. Nahodha alisubiri. Mdakaji wa Mwimbi alivua kinyago chake, akapiga yowe, "Semeni! Semeni!" lakini upepo uliirudisha sauti yake.

Nilimwona kijana akifungua mdomo. Hilo nitaliapia mbele ya kiti cha hukumu. Alifungua mdomo na hakuna kilichotoka. Miguu yake haikusimama, kwa sababu nilimwambia isisimame. Fundi, kwa kuwa hakusikia mtu, aliamini mpira ni wake, akageuka akatupa mwili wote. Walikutana juu ya tuta. Goti la kijana lilipiga mgongo wa Fundi chini ya shingo, na mlio wake ulisikika mpaka kwenye mikeka.

Mpira ulianguka majanini pembeni yao. Hakuna aliyeuokota.

Tulipofika, kijana alikuwa amepiga magoti, mikono ameinua hewani, mbali na mwili wa mkwe wake, kama mtu aliyeshika moto. Hakuthubutu kumgusa hata kumwinua. Mwuguzi alitukataza sote tusimsogeze. Fundi alikuwa macho. Alisema taratibu, "Mbona siisikii miguu?"

Tulimpeleka hospitali juu ya ubao wa mlango. Walifanya waliloweza, nami nawashukuru. Miguu haikurudi. Mikono ilibaki na nguvu kidogo, lakini vidole havikuweza tena kushika sindano.

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya pili ya matangazo. Padre alikuwa kwenye vigango vingine. Karatasi ilikuwa mkononi mwangu, na mama wa binti alikuwa ametuma mtu asubuhi mapema: yasisomwe. Nilisimama mbele ya waamini, nikasoma ratiba ya usafi wa kanisa, nikasoma zamu za kwaya, nikaikunja ile karatasi na kuiweka ndani ya kitabu cha sala. Kijana alikuwa amesimama nyuma karibu na mlango. Alipoona nimeikunja, alitoka nje. Sikusikia pikipiki ikiwaka. Baadaye watu walisema aliisukuma kwa mikono mpaka barabarani.

Alinijia siku chache baadaye. Alikataa kukaa. "Baba Katekista," akasema, "miguu ilikusikia wewe. Mdomo ukawasikia wazee wangu." Hakusema kwa hasira. Nilitamani angesema kwa hasira. Nilimwambia kosa ni langu. Akatikisa kichwa. "Nimemgusa mkwe," akasema. "Nimemgusa na goti." Wiki hiyo hiyo aliteremka bondeni kwa wazazi wake, akarudi kwenye ng'ombe.

Baba yake alipanda kutoka Ilemba na kondoo wa kuosha kosa, kama wafanyavyo kwao. Alifika kwenye ua wa Fundi, akasimama na kamba mkononi kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Mama wa binti hakumfukuza wala hakumkaribisha. Mzee akarudi na kondoo wake.

Nilikwenda kwa Fundi kila siku baada ya sala ya asubuhi. Nilimsomea Injili, nikasaidiana na mkewe kumgeuza ubavu ili vidonda visizidi, nikamnyoa ndevu. Yeye alipenda nimsomee daftari. Ndiyo, lile daftari la orodha. Alitaka kusikia wapigaji wa mechi za zamani, nani alikuwa wa tatu mwaka fulani, nani alikuwa kulia. Alinibishia akiwa amelala chali. "Yule hukupaswa kumweka wa tano, Mwalimu. Alikuwa na macho mabovu." Nilifurahi kubishiwa.

Siku moja mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zikiwa zinanyesha, aliniambia nifungue ukurasa wa ile Jumamosi. Nikaufungua. Akaniambia nisome walinzi wa nje. Nikasoma. Kisha akasema, "Kuna maandishi madogo pembeni, kurasa za nyuma yake. Nilikuwa nayaona ukiyaandika. Soma."

Nilisoma. Mipira miwili ambayo mwaka uliopita angeidaka.

Alitazama dari. "Nilijua nimekuwa mzito," akasema. "Alhamisi ile niliinama kwenye kiatu nikawa nasubiri. Nilisema moyoni, Mwalimu akiniambia, nitakubali. Kwa mdomo wangu mwenyewe nisingeweza. Kwako wewe ningekubali."

Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Ulimwambia yule mtoto aache heshima yake," akasema. "Sisi wawili tukaishika yetu." Hakusema kwa kunishitaki. Alisema kama anavyohesabu mishono. Kisha akaniomba jambo moja: nimweleze mkewe yote, mbele ya ndugu, ili binti asikose nyumba kwa kosa la wazee. Akasema yeye ameshamsamehe kijana, na kama ningeweza kuyasoma matangazo hata kesho, niyasome.

Nilieleza. Walikaa ndugu saba kwenye chumba kile, Fundi akisikiliza kitandani, binti akiwa amekaa chini karibu na mlango. Nilieleza habari za kibanda, za daftari, za benchi la nyuma kanisani. Nilisema kijana alijua lililo sawa kwao, na mimi ndiye niliyemvuruga. Nilipomaliza, mama wa binti alijipangusa uso kwa ncha ya kitenge.

"Mwalimu, nimekusikia," akasema. "Wewe nimekusamehe, maana ulimpenda mume wangu, ndiyo maana ulinyamaza. Na yule kijana nimemsamehe, Mungu ananiona. Lakini asiniite mama. Nikimwona nausikia ule mlio. Nitamwandaliaje chakula nikiwa nausikia mlio ule?"

"Mke wangu," Fundi akasema kutoka kitandani.

"Baba, nisamehe na wewe," akajibu. "Hilo siwezi."

Nilimtazama binti. Aliinuka taratibu, akaenda nje kuanua nguo zilizokuwa zinalowa, ingawa zilikuwa zimekwisha kulowa zote. Hatukumwuliza neno.

Fundi alifariki mwezi wa kwanza. Vidonda vya mgongo viliingia ndani, homa ikapanda, padre akafika kwa wakati. Nilimshika mkono. Nilikuwa nimemwomba Mungu anipe nafasi ya kuwa karibu naye kama yeye alivyokuwa karibu na mke wangu, na Mungu alinipa.

Kwetu mkwilima hafiki msibani kukaa. Hufika kufanya kazi: huchanja kuni, huchota maji, hushika koleo kaburini. Siku ya mazishi timu nzima ilikuja. Tulipokuwa tunasali nilimwona kijana. Alikuwa amesimama ng'ambo ya uzio wa miti, nje ya makaburi, mvua ya manyunyu ikimwangukia, ameinamisha kichwa vile vile alivyoinamisha siku ile kwenye mahindi, akimpisha mkwe wake apite.

Jeneza likateremshwa. Wanaume wakaanza kufukia kwa zamu. Mkulima wa Mwimbi alipochoka, alinyoosha koleo kwa anayefuata, na mimi nililipokea. Sikutupa udongo. Nililibeba mpaka kwenye uzio, polepole, kwa kuwa magoti yangu si ya kutembea matopeni, nikampa kijana. Alinitazama kwa hofu. Nikamwambia kwa sauti ambayo watu wote waliisikia, "Shika. Hii ni kazi yako."

Aliruka uzio. Watu walimtazama mjane. Naye alimtazama kijana, mara moja tu, kisha akageuza uso kuelekea milimani, akabaki hivyo. Hakusema afukuzwe. Kijana alifukia kaburi mpaka mwisho, peke yake, hakuna aliyempokea na hakumpa mtu. Alipomaliza alilisawazisha tuta kwa mgongo wa koleo, taratibu sana. Kisha akaliweka koleo chini, akaruka uzio, akashika njia ya kuteremkia bondeni. Binti alimtazama mpaka njia ilipokata kona. Hawajakutana tena, kadiri ninavyojua, na sasa ni zaidi ya mwaka.

Hiyo ndiyo nafasi aliyopewa, kufukia. Nyumba hakupata.

Timu bado inacheza. Mlinzi wa katikati ni mtu mwingine, hodari, lakini hujikwaa kwenye matuta. Orodha hutunzwa na nahodha. Mimi hukaa kwenye mkeka, na ninapomwona mchezaji anachelewa kwenye mpira, namwita pembeni siku hiyo hiyo na kumwambia, hata kama ananichukia kwa wiki mbili. Ile karatasi ya matangazo ingali ndani ya kitabu changu cha sala. Kila Jumapili naikuta nikifungua, na kila Jumapili nawaombea mjane, binti na kijana kwa majina yao. Sijaitupa. Mungu ana subira kuliko mimi, na pengine ana jambo.

Wewe unayeyasoma haya, Bwana akubariki wewe na nyumba yako. Akupe rafiki atakayekuambia neno gumu mapema, na moyo wa kulipokea. Na siku neno hilo litakapokuwa lako kulisema, akufungue mdomo, sauti itoke, na mwenzako aisikie kabla hamjakutana. Amina.